Mabibo, Gongo na Leseni: Uchumi Uliofichwa Chini ya Mikorosho ya Masasi na Newala

Mkorosho huzaa vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni korosho yenyewe, mbegu yenye ganda gumu ambayo ina bodi yake, vyama vyake vya ushirika, maghala yake na mnada wake. Cha pili ni bibo, tunda laini lenye maji mengi, jekundu au la njano, ambalo korosho huning'inia kwenye ncha yake, na ambalo halina bodi, halina ghala wala bei inayotangazwa redioni. Kwa uzito bibo huizidi korosho yake mara tano hadi kumi, hivyo kila tani ya korosho inayopimwa katika ghala la Masasi au Newala imeacha shambani tani kadhaa za matunda. Katika msimu wa 2017/18, Tanzania ilipokusanya takriban tani 313,000 za korosho, makadirio hayo, hata yakichukuliwa kwa kiwango cha chini kabisa, yanatoa mabibo zaidi ya tani milioni moja na nusu, mengi yakiwa ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Sehemu kubwa huoza chini ya miti. Katika sehemu inayookolewa na kugeuzwa fedha, mchango mkubwa ni wa watu ambao sheria inawahesabu kuwa wahalifu.

Vileo vinavyotokana na mabibo ni viwili, na mpaka wa halali na haramu umepita katikati yake. Mabibo yaliyoiva yakikamuliwa, na maji yake yakiachwa yachachuke kwa chachu iliyomo kwenye tunda lenyewe, hupatikana uraka, kinywaji chepesi chenye utamu na ukakasi ambacho hunywewa siku hiyohiyo au ya pili yake, kwa kuwa kikikaa zaidi huchachuka kupita kiasi na kuelekea siki. Uraka ni pombe ya asili kama ilivyo mbege ya Kilimanjaro au ulanzi wa Iringa, na Sheria ya Vileo ya 1968 iliziweka pombe za namna hiyo chini ya utaratibu wa leseni bila kuzifuta. Hatua inayofuata ndiyo yenye kesi. Kukeneka ni kuchemsha kile kilichochachuka ili mvuke wake, unaobeba kilevi kwa wingi kuliko maji, upozwe na kurudi kuwa kimiminika kikali zaidi; wapikaji hutumia pipa au chungu kilichofunikwa barabara, bomba linalopita katika maji baridi, na chombo cha kukingia matone. Kinachotoka huitwa gongo kama kwingine nchini, na huku kusini huitwa pia nipa. Sheria Na. 62 ya 1966, inayohusu utengenezaji na ukenekaji wa kinywaji hicho na inayokitaja kwa jina la moshi, inafanya kosa si kukipika tu bila leseni, bali hata kukutwa nacho.

Kwa hiyo swali ambalo nchi nyingi zimekuwa zikijiuliza kuhusu bangi, Masasi na Newala zinalo katika sura yake ya kienyeji. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017. Malawi, jirani wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Rwanda katika mwaka huohuo iliidhinisha kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje huku matumizi ya starehe yakibaki kosa. Na nchini Kenya mgombea urais George Wajackoyah aliahidi katika kampeni za 2022 kulipa deni la taifa kwa fedha za bangi, akaishia kupata chini ya asilimia moja ya kura. Tanzania imebaki na msimamo wake, kwani bangi ni dawa ya kulevya chini ya sheria ya 2015 na hakuna dalili kubwa kwamba hilo litabadilika karibuni. Hata hivyo, uzoefu wa majirani una somo ambalo wabishani wa pande zote mbili hulipita upesi, wakiwa wameshughulika na maadili au mabilioni. Katika Lesotho na Malawi, mkulima mdogo aliyekuwa akilima bangi kwa kujificha aligundua kwamba kuhalalishwa kwa zao lake hakukumhalalisha yeye, kwa kuwa ada za leseni na masharti ya uzio, ulinzi na maabara vilihitaji mtaji ambao kampuni za nje ndizo zilizokuwa nao. Zao likapata uhalali, mlimaji wake akabaki vichakani.

Ili kuona jinsi jambo hilo linavyoweza kujirudia kusini mwa Tanzania, ni lazima kwanza kujua marufuku ya gongo ilitoka wapi, maana haikutoka kwa Wamakonde, Wamakua wala Wayao. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulianza kuzuia biashara ya vinywaji vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukaenda mbali zaidi kwa kukataza pia utengenezaji wake katika maeneo hayo. Tanganyika iliingia mikononi mwa Waingereza wakati huohuo, na kwa sehemu kubwa ya utawala wao kinywaji cha kukeneka kilikuwa haki ya Mzungu na kosa kwa Mwafrika. Wiski ya bwana shauri ilikuwa starehe, gongo ya tarishi wake ilikuwa jinai. Ubaguzi wa rangi katika unywaji ulifutwa, lakini mashaka juu ya mpikaji wa kijijini serikali huru iliyarithi, na sheria ya 1966 ni matokeo ya mirathi hiyo. Leo konyagi, inayotengenezwa kiwandani kwa spiriti ya miwa, huuzwa dukani kwa stempu ya kodi, na gongo ya mabibo humwagwa mbele ya kituo cha polisi. Tofauti za usalama kati ya vinywaji hivyo viwili zipo, tena ni kubwa, lakini zimetokana kwa sehemu na marufuku yenyewe, kwa sababu hakuna anayeweza kukipima kinywaji ambacho hakiruhusiwi kuwepo.

Faida ya kiuchumi ya gongo katika wilaya hizi haiwezi kueleweka kwa kutazama bei yake peke yake. Ni lazima itazamwe pamoja na kalenda ya korosho. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, chama huupeleka ghalani, wanunuzi hushindana kwenye mnada unaosimamiwa na chama kikuu, ambacho kwa Masasi ni MAMCU na kwa Newala ni TANECU, na malipo humfikia mkulima baadaye kupitia benki. Mfumo huu umepandisha bei, na haufai kubezwa. Lakini kati ya siku korosho inapookotwa na siku fedha inapoingia kwenye akaunti zipo siku, na wakati mwingine wiki, ambazo mgonjwa, sare ya shule na unga wa jioni havizisubiri. Katika pengo hilo ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho kijijini nje ya mfumo, kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya kutupa. Msimu wa 2018/19 pengo lilipanuka kupita kawaida: minada ilisusiwa, Rais John Magufuli akaagiza mnamo Novemba 2018 serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa muda mrefu.

Fedha ya mabibo haina pengo. Tunda linaloanguka asubuhi huchachuka usiku huohuo, na kinywaji kikishapatikana hulipiwa taslimu, hata kama ni fedha ndogo. Tena mara nyingi haipiti mikononi mwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari la chama. Kazi ya kuokota, kukamua, kupika na kuuza kwa kiasi kikubwa ni ya wanawake, na wengi wao ni wajane, walioachika, au wake wa waume ambao fedha ya korosho huwaishia njiani. Mabibo pia hukaushwa juani na kuwekwa kwenye magunia, kisha huloanishwa na kupikwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka, korosho zikiwa zimekwisha na mahindi mapya yakiwa bado, na kwa njia hiyo tunda linaloharibika kwa siku moja hugeuzwa akiba ya miezi. Ipo sababu nzuri ya kuamini kwamba nyumba yenye akiba hiyo haikimbilii kangomba kwa haraka kama nyumba isiyo nayo. Ikiwa ndivyo, basi gongo, inayopigwa vita na serikali, inaisaidia kimyakimya stakabadhi ghalani, inayolindwa na serikali hiyohiyo.

Gharama za uharamu huo hazionekani katika hesabu yoyote rasmi. Pipa huzikwa au kuhamishiwa porini, kazi hufanyika usiku, na kila anayejua mahali pipa lilipo huwa na namna ya kudai chochote. Mpikaji hawezi kukopa benki kwa biashara asiyoweza kuitaja, hawezi kumshtaki mteja asiyelipa, na hana sababu ya kununua chombo kizuri ambacho kinaweza kutobolewa kwa shoka kesho. Hutumia basi pipa analolipata, likiwemo lile lililowahi kubeba kemikali, na bomba ambalo madini yake huenda yakaingia katika kinywaji. Nguvu ya gongo yake hutofautiana kwa kila mpiko, na mnywaji hana njia ya kujua kama kikombe cha leo ni sawa na cha jana.

Hapa wapinzani wa uhalalishaji wana hoja zao, na zinastahili kusikilizwa kwa ukamilifu kuliko kawaida ya watetezi. Masasi na Newala zina misikiti mingi na makanisa makongwe, na kwa Waislamu wengi wa huko swali la leseni halina uzito wowote, kwa kuwa kileo ni haramu kikiwa na stempu au bila stempu. Wapo wasiotumia hoja ya dini kabisa, nao ndio wagumu zaidi kujibiwa: wanawake wanaosema kwamba gongo inayomlisha jirani ndiyo inayomla mume wa nyumba ya pili, na kwamba fedha inayosifiwa kuwa ya wanawake imetoka, mwisho wa hesabu, mifukoni mwa waume wa wanawake wengine wa kijiji hichohicho. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Gongo inayonywewa kijijini haileti fedha mpya kijijini, inaihamisha. Fedha mpya huja pale tu kinywaji kinapouzwa mjini Mtwara, Lindi au Dar es Salaam, na safari hiyo ndiyo ambayo uharamu umeizuia zaidi kuliko unywaji wenyewe.

Hoja ya sumu inahitaji kutenganishwa na hizo. Vifo vya wengi kwa mkupuo, kama vilivyotokea katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi mwaka 2000 na katika wilaya ya Kabale nchini Uganda mwaka 2010, husababishwa na methanoli, aina ya alkoholi ya viwandani inayopofusha na kuua hata ikinywewa kwa kiasi kidogo. Uchachukaji wa matunda hutoa methanoli kwa kiwango kidogo, lakini maafa ya ukubwa huo kwa kawaida hutoka kwa mfanyabiashara aliyeichanganya makusudi ili kuongeza ujazo na ukali, wala si kwa mpikaji aliyefuata njia ya bibi yake. Mchanganyaji huyo hustawi gizani. Marufuku humpa giza, na leseni isiyo na ukaguzi humpa lebo, ambayo pengine ni hatari zaidi.

Mfano wa leseni mbaya haupo mbali. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, ilitunga sheria ya enguli iliyomtaka mpikaji mdogo awe na leseni na amuuzie kiwanda, nacho kiwanda kikasafisha na kutoa Uganda Waragi, chupa iliyopata jina hadi nje ya nchi. Mfumo ulikuwa na akili ndani yake, lakini mpikaji alipewa mnunuzi mmoja tu na hivyo bei moja tu, na misukosuko ya miaka ya 1970 ilipoingia, vijiji viliendelea kupika na kuuza nje ya sheria kama kwamba haikuwahi kuwepo. Kenya ilichukua njia nyingine. Chang'aa, ndugu wa gongo, ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, kisha ikahalalishwa na Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ile iliyozoeleka kwa jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho. Sheria hiyo ilitaka kinywaji kikidhi viwango na kiuzwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Mama mpika chang'aa wa Kibera au Siaya hakuwa na mashine ya kujaza chupa, wala lebo, wala fedha ya vipimo. Walioipata fursa ni wenye viwanda vya vileo vya bei nafuu, vingi vikichanganya spiriti iliyonunuliwa tayari na maji na rangi. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa vinywaji vyenye sumu, na mwaka 2015 serikali iliyokuwa imehalalisha ilirudi mitaani kumwaga na kufunga. Chang'aa halisi ya mtama na sukari haikuwa imetoka vichakani hata siku moja.

Mfano ulio karibu zaidi na Newala kwa asili upo mbali zaidi kwa ramani. Wareno walioleta mkorosho kutoka Brazili hadi pwani ya Msumbiji katika karne ya 16 waliupeleka pia Goa, magharibi mwa India, na huko mabibo hukamuliwa, huchachushwa na kukenekwa kama yanavyofanyiwa juu ya uwanda wa Makonde. Tofauti ni kwamba serikali ya Goa haikuipiga vita kazi hiyo, iliipangia utaratibu. Kila mwaka kabla ya msimu idara ya ushuru hunadi maeneo ya mikorosho, na mshindi hupata haki ya kukeneka mabibo ya eneo lake kwa msimu huo. Kinywaji hicho, feni, kilipewa mwaka 2009 kiashirio cha kijiografia, yaani hati inayozuia mtu wa nje ya Goa kutumia jina hilo, na mwaka 2016 serikali ya jimbo ikakitangaza kuwa urithi. Mabibo yanayotakiwa kwa feni nzuri ni yale yaliyoiva na kuanguka yenyewe, sharti ambalo lina maana kubwa kwa Masasi, kwani hofu ya haki ya maofisa kilimo ni kwamba soko la mabibo likikua watu watachuma matunda juu ya mti korosho zikiwa hazijakomaa, na daraja la zao kuu litaporomoka.

Goa, hata hivyo, haifai kuigwa kwa pupa. Ina watalii kwa mamilioni, na Newala haina. Ina maji, na juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunyonya mvua bila kuacha mto, kiasi kwamba wanawake wa Newala kwa miaka mingi walishuka mabondeni kutafuta ndoo ya maji, na Mradi wa Maji Makonde ulioanzishwa katika miaka ya 1950 haujawahi kutosheleza watu wote. Bomba la kukeneka lazima lipozwe kwa maji, na pipa lazima lichemshwe kwa kuni. Wapikaji wakiongezeka mara kumi bila majiko bora, gharama italipwa na visima na misitu. Zaidi ya hapo, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, mjini Mtwara, kimekuwa kikifundisha kwa miaka mingi namna ya kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo. Bidhaa hizo ni nzuri na hazina kesi, lakini zinahitaji sukari, chupa, umeme na mteja, na tunda halimsubiri mtu kwa zaidi ya siku moja. Gongo imezishinda kwa sababu inahitaji moto na uvumilivu tu, na ikishatoka haiozi.

Kodi ndiyo hoja inayovutia zaidi Dodoma, na ndiyo dhaifu zaidi. Ushuru wa bidhaa kwa vinywaji vikali hutozwa kwa lita, na kwa kiwango cha viwandani ungeimeza faida yote ya mpikaji wa madebe mawili, ambaye angefanya hesabu ya dakika moja na kurudi porini. Isitoshe, wakulima wa kusini wana kumbukumbu ya 2018, pale sheria ilipobadilishwa na asilimia 65 ya tozo ya korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikienda kwenye mfuko wa kuendeleza zao, ikaelekezwa Hazina licha ya wabunge wa Mtwara na Lindi kupinga kwa sauti kubwa. Kumwambia mtu wa Masasi kwamba ushuru wa gongo utarudi kumjengea zahanati ni kumwomba imani ambayo tayari ilikopwa na haijalipwa.

Kinachobaki baada ya kupepeta yote hayo ni kidogo kuliko ndoto za watetezi na kikubwa kuliko hofu za wapinzani. Vyama vya msingi vya korosho vipo karibu kila kijiji, vina mizani, vitabu na wanachama, na vinaweza kukusanya kinywaji kilichopikwa na wanachama, wapikaji wanawake wakiwa na uanachama wa jina lao wenyewe, kisha kukipeleka mahali pamoja ambapo kinapimwa nguvu, methanoli, madini na mabaki ya viuatilifu vinavyopulizwa kudhibiti ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Shirika la Viwango na Mkemia Mkuu wa Serikali wana ujuzi wa vipimo hivyo. Ushuru utozwe hapo, kwenye chupa inayoondoka wilayani, na usitozwe kwenye pipa. Unywaji wa kijijini ubaki chini ya halmashauri, kwa saa na umri, na kijiji kisichotaka klabu kiwe na haki ya kukataa bila kuulizwa sababu. Utaratibu huo hautaondoa ulevi, na yeyote anayeahidi hivyo anauza kitu kingine.

Swali la gongo limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja, na majibu yamezoea kuanza na viwango na kuishia na mapato. Wabunge wa Masasi na Newala wakilirudisha tena, na wakubali kulifungua kwa kifungu kinachosema nani anaweza kuomba leseni na kwa shilingi ngapi, kwa sababu hicho kikikosewa, vifungu vingine vyote vitakuwa vimeandikwa kwa ajili ya kampuni ambayo bado haijafika.